Mjadala: Kipimo cha maabara kikigongana na hesabu, tuamini kipi?

Naanza mimi. Wengi tunaojaribu mbinu za kukokotoa sifa za molekuli hudaka namba yoyote iliyoandikwa "ya majaribio" tukaifanya mizani. Msimamo wangu: namba isiyo na kiwango cha shaka (yaani inaweza kukosea kwa kiasi gani) wala maelezo ya jinsi ilivyopatikana haifai kuwa rejea, hata ikinakiliwa kwenye majedwali kumi. Anayepinga aje na sababu.

Wa maabara: Napinga. Kwa sharti hilo utabaki na molekuli chache ndogo tu. Data nyingi za zamani za joto la mwako zilipimwa na watu makini, ila desturi ya kuandika shaka haikuwa imekomaa. Sisi tumeigusa dutu yenyewe. Kompyuta imegusa makadirio.

Wa hesabu: Maabara nayo hukosea, ndugu yangu. Miaka ya 1960 wananadharia Kołos na Wolniewicz walikokotoa nishati ya kuvunja molekuli ya hidrojeni, wakapata kubwa kuliko kipimo cha maabara cha mwanaspektra Herzberg, na Herzberg hakuwa mtu wa kubahatisha (Nobel ya kemia ya 1971 ni yake). Alipima upya, na mwaka 1970 matokeo yake yakaafikiana na hesabu.

Wa maabara: Hidrojeni ina elektroni mbili! Nami nakuuliza kuhusu molekuli ya atomi hamsini, unaniletea hiyo?

Mwanzilishi: Hapo umembana. Lakini kinachotuumiza kila siku ni kulinganisha vitu viwili tofauti. Mtetemo wa hidrojeni hiyohiyo: jedwali moja lina 4,161 kwa sentimita (kizio cha kasi ya mtetemo), jingine 4,401. Zote sahihi. Ya kwanza ndiyo mpito wa molekuli kutoka ngazi moja ya nishati hadi nyingine, unaoonekana kwenye spektra (mwanga uliochambuliwa). Ya pili ni ya harmoniki, yaani ya kifungo kinachodhaniwa kutetema kama springi kamili, iliyokokotolewa kutokana na spektra. Ukipima mbinu ya harmoniki kwa 4,161, utailaumu bure. Maji pia: debye 1.85 (kipimo cha mgawanyiko wa chaji katika molekuli) ni ya molekuli moja katika gesi, usiipeleke kwenye kimiminika.

Wa hesabu: Ndiyo maana napenda majedwali ya nishati za molekuli ya mkemia Ruscic wa maabara ya Argonne, Marekani, ambamo vipimo vingi hufungwa pamoja kwenye mtandao mmoja na kile kinachopingana na wenzake hupunguziwa uzito. Joto la uundaji (nishati ya kuunda dutu kutoka elementi zake) la hidroksili, OH, lilishushwa kwa takriban kilojuli 2 kwa moli mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya kukaa vitabuni miongo kadhaa bila kuguswa.

Wa maabara: Na mtandao huo una hesabu zenu ndani! Sasa mbinu mpya ya hesabu ikisifiwa kwa kukubaliana nao, imepimwa kwa majaribio au kwa ndugu zake? Nijibuni hilo kwanza.