Nimeuziwa darubini ya bunduki kama ya kuangalia ndege, na muuzaji ananiambia "darubini ni darubini"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo mnivumilie nikirukaruka.

Tangu mwaka uanze nimekuwa nikijiunga na wale watu wa kuangalia ndege Jumatano asubuhi pale Makumbusho, juu ya Museum Hill, Nairobi. Nchi hii ina aina zaidi ya 1,000 za ndege na mimi nilikuwa najua kuku, kunguru na yule korongo wa jalalani. Shida ni darubini. Unaazima ya mwenzako, unaitafutia mti, unautafutia mti tawi, ukilipata tawi ndege ameshaenda zake na mwenye darubini amenyoosha mkono anaitaka. Mpya ya maana ni kodi ya nyumba yangu na chenji hairudi. Nikasema mtumba.

Nikakutana na tangazo: "Darubini ya jicho moja, mtumba safi kutoka Ulaya, 3-9x40, inavuta mpaka mwisho. Nzuri kwa safari na ndege." Shilingi 9,500. Picha tatu zilizopigwa gizani, na katika zote tatu kidole gumba cha mtu kimekaa katikati ya bomba. Nikadhani jamaa hajui kupiga picha.

Nikamwambia tukutane mjini niiangalie kwa macho yangu. Akasema leo yuko Kitengela, kesho anasafiri, na kuna mteja mwingine wa Eastleigh ameshaahidi kuituma pesa saa hiyo hiyo. "Lakini wewe bosi wangu naona uko serious, tuma nikupatie mtu wa boda." Nikatuma. Zote. Msinitukane, nimeshajitukana mwenyewe wiki nzima. Na kabla hujaniuliza kuhusu 456, ile nambari ya kuomba M-Pesa wakurudishie pesa: hiyo ni ya aliyekosea nambari. Mimi nambari sikukosea, nilikosea mtu.

Ikafika imefungwa kwa gazeti na selotepu kama nyama ya buchari. Nikaipeleka jichoni pale kwenye balkoni: giza tupu, kaduara kadogo ka mwanga katikati. Nikatafuta kifuniko nilichosahau kutoa. Hakuna. Nikaisogeza nyuma kidogo kidogo, mpaka ikawa mbali na jicho upana wa kiganja, ndipo picha ikafunguka. Na katikati ya picha, msalaba mweusi mwembamba, umekaa juu ya tangi la maji la nyumba ya pili. Nikaisogeza kushoto, msalaba ukamkalia mama mmoja anayeanika nguo. Wakuu, niliishusha ile kitu haraka nikajikuta nimechuchumaa nyuma ya ukuta wa balkoni kama mwizi.

Hapo ndipo nilijua ni darubini ya bunduki. Sababu ya lile giza ni kwamba bunduki ikilia inarudi nyuma, kwa hivyo kioo kimetengenezwa jicho likae kama sentimita 8 hadi 10 nyuma yake, la sivyo kingekupasua nyusi. Na kidole gumba kilikuwa kimefunika vifundo viwili vya kusogezea ule msalaba, kimoja juu na kingine ubavuni. Darubini ya ndege haina vifundo hivyo. Jamaa alijua vizuri sana anachoficha.

Nikaitia kwenye begi kumrudishia. Duka lake, nilikuja kugundua, ni kimeza ndani ya zile eksibisheni za kule chini ya Moi Avenue, hakuna cha Kitengela. Kabla ya hapo nikapitia moli moja kununua maji. Mnajua jinsi tunavyopekuliwa mjini hapa tangu shambulio la Westgate, 2013. Soja akafungua begi, akaitoa, akaiweka jichoni, akanyamaza. Kisha akaita wenzake wawili bila kuniondolea macho. "Mzee, hii unaenda kuangalia nini nayo?" Nikasema ndege. Wakatazamana. Ilibidi nitoe simu nionyeshe picha za Jumatano, za kile kikundi cha wazee wenye kofia wametazama juu wote. Dakika 25. Maji sikununua.

Kuwinda kulipigwa marufuku hapa Kenya 1977. Leseni ya bunduki sina wala sijawahi kuiomba. Ningekutana na polisi badala ya soja, ningeanzia wapi maelezo?

Muuzaji naye: "Bosi, darubini ni darubini. Si unaona mbali?" Akanionyesha kikaratasi ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudi. Nikamwambia Katiba, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupewa habari za kweli kuhusu anachonunua. Nikamwambia kuna Mahakama ya Madai Madogo, inasikiliza madai yasiyozidi milioni 1, na 9,500 yangu inaingia humo vizuri. Akacheka na jirani yake wa meza ya chaja.

Na si kwamba amenipa ya bunduki nzuri! Mjomba wangu alikuwa askari wa wanyamapori miaka mingi, nikampelekea Jumapili. Hakuangalia mbali kwanza, aliiangalia yenyewe. Akapitisha ukucha kwenye bomba, akanionyesha michubuko miwili mahali pete za kufungia zilikuwa zimebana kupita kiasi, na moja imeuminya mwili kabisa. Akazungusha kifundo cha juu: msalaba haukusogea, haukusogea, kisha ukaruka ghafla. Akawasha tochi ya simu upande wa mbele, akaniambia nichungulie kwa pembeni. Ndani ya lenzi kulikuwa na kuvu, nyuzi nyuzi kama za buibui. Hapo unafuta nje mpaka uchoke, uchafu uko ndani. "Hata mwenye leseni yake halali angekurudishia," akasema, akaendelea kunywa chai.

Upumbavu wangu ni kwamba nambari zilikuwa pale kwenye tangazo. 3-9 maana yake inakuza kutoka mara 3 hadi 9, na 40 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Mpangilio huo ni wa kawaida kabisa kwa darubini za bunduki. Wenzangu wa Jumatano wote wana 8x42, na ukitazama umbali wa mita 100 na hiyo unaona upana wa mita 13 hivi. Hii yangu ikiwa kwenye 9 inakupa mita nne na nusu. Ni kutafuta ndege kwa kupitia mrija. Tena nyingi za aina hii zimerekebishwa kiwandani kwa umbali wa yadi 100, si wa karibu. Nimejaribu kumtazama chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, kwenye maua mita tano kutoka mlangoni, nikaona ukungu wa kijani. Nilikwenda kutafuta chozi nikapata machozi.

Kama kuna mtu hapa ameshawahi kupeleka kesi ya pesa ndogo kama hii mahakamani Milimani, aniambie alibeba nini. Nina ujumbe wa malipo, nina mazungumzo yetu yote, nina tangazo nimelipiga picha. Na kama unauza 8x42 iliyotumika, mimi nanunua, lakini tunakutana mchana, mahali penye mti, na pesa inatoka baada ya mimi kuona jani.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Wanaouliza kama jamaa ameondoa tangazo, nimetoka kuangalia sasa hivi. Ameweka nyingine. Picha ni zile zile tatu na kidole gumba ni kile kile, ila siku hizi "inafaa sana kuangalia mwezi", na bei imepanda hadi 11,000.