Saa ya jua ya mozaiki shuleni, karibu na ikweta Kasese: namba zote zimelala mstari mmoja, tumekosea wapi?

mwalimu_sanaa_kasese

Habari za kazi, wapendwa. Shule yetu ya msingi iko karibu na mstari wa ikweta, kando ya barabara wanayopita watalii wa hifadhi ya Queen Elizabeth. Kamati ya shule na akina mama wasusi wa vikapu wamekubali tujenge saa ya jua uwanjani: watoto wapange vigae, wageni washuke wasome saa, waone na vikapu. Tumechukua mchoro wa mtandaoni, ule ambao mtu husimama mwenyewe na kivuli chake kinaonyesha saa, nusu kipenyo mita 3. Tukiweka latitudo (digrii kutoka ikweta) 0, duara linakuwa bapa na namba zote zinalala mstari mmoja wa mashariki-magharibi. Hesabu ina kasoro? Na vigae tufanyeje visibanduke? Tuna fundi mmoja wa kijijini na fedha kidogo.

kivuli_cha_adhuhuri

Mwalimu, hesabu yenu ni sahihi. Mchoro ndio haufai mahali mlipo. Katika saa ya aina hiyo, upana wa duara kutoka kaskazini hadi kusini hutegemea saini (sin ya hesabu za pembe) ya latitudo, na saini ya 0 ni 0. Juni na Desemba ingesomeka kwa taabu: mahali pa kusimama hubadilika kwa tarehe, na mtu angesimama mita 1.30 kutoka kwenye mstari, lakini saa sita kivuli cha mtoto wa sentimita 140 kina sentimita 61 tu, hakiufikii. Machi na Septemba jua linapopita utosini, kivuli kinalala juu ya mstari wenyewe asubuhi nzima na hakuna cha kusoma. Hizo ndizo siku ambazo mgeni anayejua ikweta ni nini angependa kuwapo.

Lazeni bomba badala yake. Kwenye ikweta mhimili wa dunia umelala sambamba na ardhi, kwa hiyo bomba lililoinuliwa kwa nguzo na kulazwa kaskazini-kusini juu ya sakafu iliyo sawa ni saa ya jua kamili. Kwingine sakafu hiyo lazima iinamishwe; kwenu inalala chini kama mkeka. Mistari ya saa inakuwa sambamba na bomba. Kimo cha bomba kikiwa sm 60, pimeni kutoka mstari ulio chini ya bomba, ambao ndio saa 6:

saa 5 na saa 7: sm 16.1
saa 4 na saa 8: sm 34.6
saa 3 na saa 9: sm 60
saa 2 na saa 10: sm 103.9

Asubuhi ni upande wa magharibi, alasiri mashariki. Saa 1 na saa 11 ziacheni: zingeangukia sm 224, sakafu ingehitaji upana karibu maradufu kwa ajili ya kivuli hafifu. Watoto wanaweza kuzipata namba hizi wenyewe bila tanjiti (tan ya hesabu za pembe). Wachore bomba kama nukta kwenye karatasi, sm 6 juu ya mstari wa sakafu, kisha kutoka nukta hiyo wapige digrii 15, 30, 45 na 60 kwa protrakta, wakianzia mstari wa wima. Kila sm 1 ya karatasi ni sm 10 uwanjani.

Halafu vesheni bomba kisahani cha bati cha sm 8 katikati. Kivuli chake ndicho kalenda. Tarehe 20 Machi na 22 au 23 Septemba kinatembea kwenye mstari ulionyooka wa mashariki-magharibi. Tarehe 21 Juni kinapita kusini yake: sm 26 kwenye saa 6, 27 kwenye saa 5 na 7, 30 kwenye 4 na 8, 37 kwenye 3 na 9, na 52 kwenye 2 na 10. Desemba ni vivyo hivyo upande wa kaskazini. Ukiunganisha alama hizo unapata umbo la ngoma iliyobanwa kiunoni, imelazwa ubavu. Ndani ya ngoma hiyo ndimo pa kuweka sanaa ya watoto, kwa sababu kila kigae kitaguswa na kivuli cha siku yake.

fundi_vigae

Kinachoharibu saa nyingi ni kimo. Sm 60 hupimwa kutoka uso wa vigae hadi katikati ya unene wa bomba. Udongo wa saruji na kigae vinakula karibu sm 3, kwa hiyo ukipima kutoka zege tupu, umebaki na 57 na saa 9 itakosea kama dakika sita. Toboeni tundu refu la wima kwenye kila nguzo, bolti ya milimita 12, bomba lipande na kushuka. Kazeni baada ya vigae kukauka.

Sakafu ni sm 240 kwa 240, zege sm 8 juu ya moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa sm 10. Mchanganyiko 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Mifuko mitatu ya kilo 50 kwa zege, mmoja wa kulazia vigae, mmoja wa misingi ya nguzo na kujazia mianya. Nguzo zizame sm 40, maana watoto watabembea kwenye bomba, hata mkiwakataza. Maji yapeni mteremko wa nusu sentimita kwa mita kuelekea kusini. Hauharibu hata dakika mbili. Mashariki-magharibi pimamaji isome sawa kabisa. Funikeni zege kwa magunia mabichi siku saba.

Vigae hubandukia mahali pawili: zege lenye vumbi, na saruji iliyoanza kukauka kabla kigae hakijakandamizwa. Watoto hawana kasi ya kushindana na jua la Kasese, basi wafanyie kazi darasani. Gawanyeni sakafu vipande 36 vya sm 40 kwa 40. Kila kikundi kinabandika vigae, uso chini, kwenye karatasi ya khaki kwa gundi ya unga wa muhogo. Fundi analaza kipande kizima, kesho yake analowesha karatasi na kuibandua. Kumbukeni picha hugeuka kama kwenye kioo, kwa hiyo namba zichorwe kinyume.

Tumieni vigae vya sakafu visivyong'aa. Vya ukutani huteleza mvua ikinyesha. Vunjeni ndani ya gunia, mvunjaji avae miwani, na kingo zisuguliwe kwa jiwe kabla mtoto hajashika. Mistari ya saa asiiweke mtoto. Acheni mfereji wa sm 3, fundi aujaze mwisho kwa vigae vyeusi akifuata uzi.

nyota_za_rwenzori

Kaskazini msiitafute kwa dira. Nondo na mabati ya darasa yataivuta. Simamisheni fito ya mita 1 kwa timazi, chora duara kuizunguka, weka alama ncha ya kivuli inapogusa duara asubuhi na tena alasiri. Mstari wa kuunganisha alama hizo ni mashariki-magharibi.

Jengeni ndani ya uwanja, si kwenye eneo la akiba la barabara (ukanda uliotengwa kando yake). Na nawasihi msiongeze maonyesho ya beseni, yale yanayodai kwamba maji huzunguka upande mmoja kaskazini ya ikweta na upande mwingine kusini yake. Mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kugeuza maji ya beseni, anayemimina ndiye huyazungusha. Mtoto wa shule asifundishwe kumwambia mgeni uongo wakati ana kivuli cha kweli miguuni pake.

Mkitaka usiku wa nyota, Kilimia na Msalaba wa Kusini vyote vinaonekana kwenu, ila msitoke nje ya ua: viboko wa eneo lile hutoka kula usiku.

mwalimu_sanaa_kasese

Asanteni sana, tunabadilisha mchoro. Swali moja: saa ya mkononi ya mgeni itakubaliana na bomba?

kivuli_cha_adhuhuri

Haitakubaliana, na kibao kiseme kwa nini. Saa ya Afrika Mashariki imewekwa kwa longitudo 45. Nyinyi mko karibu na 30. Digrii 15 ni saa moja kamili, kwa hiyo bomba likionyesha saa 6, simu inaonyesha saa 7. Karibu na 15 Aprili, 13 Juni, 1 Septemba na 25 Desemba tofauti ni saa moja barabara. Kati ya tarehe 10 na 13 Februari ongezeni dakika 14 juu yake, na siku za kwanza za Novemba punguzeni 16. Namba za jua ziwe kubwa ndani ya ngoma, za simu ndogo pembeni.