"Fresh" kwa samaki: wabichi, wapya, freshi au wa leo?

nyar_dunga (Kisumu)
Hamjambo wadau. Shemeji yangu anauza samaki karibu na ufuo wa Dunga. Kibao chake cha zamani kilisema FRESH FISH, sasa anataka cha Kiswahili na kazi ya kutafuta neno nimepewa mimi. Wiki nzima nimekwama kwenye hilo "fresh". Nina manne: samaki wabichi, samaki wapya, samaki freshi, samaki wa leo. Nyinyi mngechukua lipi?

Kuna jambo limenisumbua. Juzi mteja alifunua shavu la ngege, akakuta matamvua yameanza kuwa ya kahawia. Akauliza, "Na hawa ni fresh?" Shemeji akajibu, "Ni wabichi, mama." Hakudanganya. Lakini yule mama aliondoka, na mimi naona alikuwa na haki.

mwalimu_wa_zamu (Kakamega)
Dada, hapo umegusa penyewe. "Fresh" hujibu maswali mawili kwa pamoja: je, kimepikwa au kukaushwa? Na kimetoka lini? "-bichi" yetu hujibu la kwanza tu. Samaki aliyelala kwenye barafu siku nne ni mbichi. Hata akianza kunuka bado ni mbichi, ila kwa Kiingereza huyo si fresh tena.

Nenda kwenye matunda uone linavyogeuka kabisa. Ndizi mbichi haijaiva. Nyanya mbichi ni ile ya kijani. Kila muhula nasahihisha insha zenye "matunda mabichi" pale mwanafunzi alipotaka kusema yametoka shambani leo, na msomaji anaona maembe yasiyolika. Halafu nguo mbichi haijakauka, kuni mbichi hazishiki moto, kidonda kibichi hakijapona. Kote huko kitu bado hakijafika kinapopaswa kufika. Hiyo ndiyo roho ya neno, na ni neno zuri, ila halihesabu siku.

"Wapya" usiandike. Watu watadhani mmeleta aina ya samaki ambayo hamjawahi kuuza.

maziwa_njoro (Nakuru)
Mimi nasimama na freshi. Huku kwetu maziwa fresh ni kinyume cha maziwa lala, basi. Ya pakiti yameshapashwa moto kiwandani na bado tunayaita fresh. Maziwa mabichi ni yaliyotoka kwa ng'ombe moja kwa moja, na hayo lazima uyachemshe, maana mtu anaweza kupata brusela. Nauza ya aina zote mbili, kwa hiyo nikichanganya maneno haya naweza kumletea mtu ugonjwa nyumbani. Kwa maziwa hatuna neno lingine linalofanya kazi hiyo.

binti_kisauni (mwaka wa sita Kisumu)
Kwetu Pwani samaki wabichi ni wale ambao hawajakaangwa, na mteja haishii hapo. Atauliza, "Wa leo hawa?" Hilo ndilo swali lenyewe, na linaulizwa kwa Kiswahili tangu bibi zetu. Kwa nini tuazime?

Niongeze la maji. Ziwa Victoria kwa Kiingereza ni la "fresh water", lakini hakuna anayesema maji mabichi. Ni maji matamu, au maji baridi kama vitabu vingine vinavyoandika. Na hiyo si maana ya pembeni: katika Kiingereza cha kale neno hilo, fersc, lilisemwa juu ya maji yasiyo na chumvi. Ndugu wa Njoro, Ziwa Nakuru lenu ni la magadi, kwa hiyo hata mvua inyeshe leo asubuhi, maji yake hayaitwi fresh.

kondele_stage
Andikeni freshi. Nabeba abiria kutoka kila kaunti na wote wanalielewa. Kijana ukimuuliza "mambo?" anakujibu "fresh".
Omena, yaani dagaa wa ziwani, nao ni habari nyingine. Wengi huanikwa, kwa hiyo ukisema omena wabichi kila mtu anajua hawajaona jua.

mwalimu_wa_zamu
Kondele, kulielewa wanalielewa. Lakini yule mama wa matamvua alitaka kujua siku. Freshi ya kwenye kibao haimwambii.

nyar_dunga
Asanteni sana. Nimemsomea shemeji yote. Alipenda "wa leo", kisha akanyamaza, akauliza: "Na wakibaki jioni?" Anasema wa leo ni ahadi, na hataki kibao kiahidi asichokuwa nacho.

Tumekubaliana hivi. Kibao kikubwa: SAMAKI WABICHI NA WA KUKAANGA. Chini yake ndoano mbili za kutundikia kibao kidogo, WA LEO. Atakitundika mashua zikifika asubuhi, na atakitoa mwenyewe mara tu samaki wa kwanza anapoingia kwenye barafu.