Leo nimeambiwa mbele ya watu kwamba Mauser ya mwaka 1871 ni gobore

Waungwana, naandika hata viatu sijavua. Yule bwana, ambaye hapana haja ya kumtaja kwa kuwa kila anayefuatilia bunduki za kale anamfahamu, leo jioni ameinua picha ya bunduki ya askari wa jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, Mauser ya mwaka 1871, akatangaza kwa sauti ya kadhi anayetoa hukumu kwamba hilo ni gobore. Nilinyoosha mkono, nikamweleza kwa adabu kwamba gobore hushindiliwa baruti na risasi kwa mdomoni, ilhali bunduki ile hufunguliwa nyuma kwa komeo. Akanitazama kama mtu anayetazama inzi aliyeangukia mchuzini, akasema: "Kijana, yote ni bomba na mti."

Bomba na mti! Ukumbi mzima ukacheka, na nina hakika hata feni za darini zilicheka.

Kama yote ni bomba na mti, kwa nini Waprusi waliipokea bunduki ya Dreyse mwaka 1841 wakaipa jina la kupotosha ili siri ya komeo na sindano yake isivuje? Katika vita vya Königgrätz mwaka 1866, Prussia ilipopigana na Austria, Mprusi mwenye Dreyse alipakia akiwa amelala kifudifudi, na Mwaustria aliyesimama wima akishindilia kwa mdomoni aliilipia tofauti hiyo kwa maisha yake. Kisha wakaja ndugu wawili wa mji wa Oberndorf, Ujerumani, Paul na Wilhelm Mauser, na risasi ya milimita 11 yenye ganda la shaba nyeupe, na komeo ambalo ukiinua mkono wake tu sindano inajikoki yenyewe. Nionyesheni gobore linalofanya hivyo.

Linaloniuma zaidi ni hili: mataifa yaliyokutana Brussels mwaka 1890 yalizuia bunduki za mitutu iliyochongwa mikondo ndani zisiuzwe Afrika, kati ya digrii 20 kaskazini na 22 kusini ya ikweta, lakini yakaacha mlango wazi kwa magumegume, yaani magobore ya kuwashwa kwa jiwe, ya mtutu laini. Waliokuja kututawala waliijua tofauti vizuri sana, na leo mwenzetu anasimama mbele ya watoto wa shule na kuwaambia bomba na mti.

Jibu la 1
Pole sana, mkuu. Bwana huyohuyo aliwahi kunibishia kwamba moshi uliowafichua askari katika vita vya Tanga, Novemba 1914, ulikuwa ukungu wa baharini, wakati ulitoka katika baruti nyeusi ya bunduki hizohizo. Sijamsamehe hadi leo.

Jibu la 2
Mleta mada, umeandika kana kwamba umenyang'anywa mke. Jina amekosea, hilo nakubali, lakini unaitetea bunduki iliyopiga risasi mojamoja na iliyozeeka tangu Wafaransa walipotoa bunduki ya Lebel yenye baruti isiyo na moshi mwaka 1886. Askari wetu walipewa kwa sababu Ulaya haikuitaka tena.

Mleta mada
Kuzeeka si kuwa gobore! Na alisema "bomba na mti" huku akitabasamu!

Jibu la 3
Kila siku Mauser, Mauser. Humu hakuna anayeikumbuka bunduki ya Gras ya Ufaransa, ambayo iliingia Ethiopia kwa wingi kiasi kwamba jina lake likageuka neno la Kiamhari, wujigra. Tarehe 1 Machi 1896, huko Adwa, jeshi la Menelik, mfalme wa Ethiopia, liliwashinda Waitalia likiwa na silaha walizouza Wazungu wenyewe, nyingi zikiwa hizo, na bado nyuzi zote zinafunguliwa kuhusu Oberndorf. Huo ndio uonevu hasa.

Jibu la 4
Uonevu hasa ni kusema "Mauser" kana kwamba ni bunduki moja. Ya Ujerumani ilikuwa ya milimita 11, ya Serbia 10.15, na ile ambayo Waosmani waliagiza nusu milioni mwaka 1887 ilikuwa ya 9.5. Risasi zake haziingiliani. Wiki iliyopita nimeuziwa ganda la Mserbia nikiambiwa ni la Mjerumani, na muuzaji hapokei simu zangu.

Jibu la 5
Afadhali wewe umepata ganda. Mimi nimechoshwa na wanaoweka picha ya Marie, meli iliyowaletea Wajerumani silaha na kufika Sudi, pwani ya kusini, mwaka 1916, wakaandika chini yake kwamba ni Rubens, meli iliyotumwa kabla yake kwa kazi hiyohiyo. Rubens ilishambuliwa na Waingereza katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915, na risasi zilizookolewa humo zililowa maji ya bahari, zikalazimika kufunguliwa na kukaushwa.

Jibu la 6
Wewe wa meli, picha uliyoweka juzi na kuiita Marie si Marie.

Jibu la 5
Naomba uthibitisho.