Tupeane uzoefu: borrow na lend zimewahi kukuumbua wapi?

Mtoto wa Karatu
Wakuu habari za mida hii. Leo nimemsikia dogo hapa dukani anamwambia mwenzie "borrow me charger" nikacheka peke yangu maana nimekumbuka yangu. Hizi borrow (wewe ndo unachukua cha mtu kwa muda) na lend (wewe ndo unampa) zimewahi kukuumbua wapi?

Naanza mimi. Nilikuwa ndo nimeanza kazi mapokezi kwenye lodge moja, mwezi wa nne, masika yenyewe, mgeni mzee wa Kiingereza anataka kutoka kwenda kwenye gari nikaona nijiongeze nimpe mwamvuli wa ofisi, nikamwambia "Sir, can I borrow you umbrella?" Mzee wa watu kasikia "your". Akafungua begi, akatoa kamwamvuli kake kadogo akanikabidhi kwa heshima zote, "of course", halafu huyoo akachapa mwendo kwenye mvua. Nimebaki na miamvuli miwili mkononi. Meneja anakuja ananiuliza imekuwaje mgeni kalowa chapachapa na wewe una miamvuli miwili, hapo unajibu nini?

Kipanga wa Kitui
😂😂😂 umenimaliza. Primary yetu kulikuwa na disk, ukishikwa ukiongea Kikamba ama Kiswahili unavalishwa shingoni mpaka upate mwingine wa kumpa. Siku hiyo najichunga sana, Kizungu tupu, nikamwambia deskmate "borrow me your rubber". Mwalimu alikuwa nyuma yangu. Nilichapwa na Kizungu changu mdomoni, disk sikupata lakini kiboko nilipata. Siku hizi nasema "assist me with a pen" na hakuna mtu amewahi kuuliza swali.

Mbeba Boksi
Hiyo rubber usije nayo Marekani, huku ni kondomu, utajieleza mpaka uchoke.

Ila kwenye borrow msijione wajinga. Mimi niko Minnesota, kazini kuna wazee wazungu wa hapa hapa wazaliwa wanasema "can you borrow me twenty bucks", mara ya kwanza nilidhani ananitania lafudhi yangu. Kumbe mababu zao walikuja na Kijerumani na Kinorwe, na huko neno moja linafanya kazi ya kutoa na ya kupokea, Mjerumani anasema leihen pande zote mbili. Wajukuu zao watoto wa shule wanarekebishwa kama tulivyorekebishwa sisi, bila kiboko tu.

Mama Nasra
Nyie mnacheka miamvuli mimi limenigharimu hela. Kuna shoga yangu nilimkopesha laki 2 ya kuongezea mtaji wa vitenge, tukaongea kwa mdomo kwa Kiswahili vizuri tu, sasa mimi usiku nikajifanya msomi nikamtumia meseji ya kumbukumbu "Dear I borrowed you 200,000 please remember". Miezi ikapita kimya, tukafika kwa mwenyekiti wa mtaa, nikatoa simu kwa kujiamini kabisa. Yule dada akasema mwenyekiti soma mwenyewe, ameandika yeye ndiye aliye-borrow, tena mimi ndo namdai na nilikuwa namstahi. Jamani! Mwenyekiti kavaa miwani kasoma mara tatu, akaniuliza kwani Kiswahili kilikuwa kimekwisha? Mwisho nimelipwa elfu 50, nyingine ndo hivyo mpaka leo tunapishana sokoni.

Kibonge Mwepesi
Mi nasema "give me". Nikirudisha narudisha.

Mwalimu wa Tanga
Mama Nasra pole, ila ungeandika "I lent you" angekosa pa kushika. Nafundisha Kiingereza sekondari na kila mwaka nakutana na hili, darasa zima. Tatizo letu linaanzia kwenye azima. Naazima jembe kwa jirani, jirani kaniazima jembe, neno ni lile lile wala hatuchanganyikiwi. Sisi tunachoangalia ni kama kitakachorudi ni kile kile. Jembe, gauni la harusi, kalamu, hivyo unaazima. Hela au sukari kikombe unakopa, maana sukari ile inaliwa unarudisha nyingine. Mwingereza hilo halimshughulishi, jembe borrow, hela borrow, yeye anauliza kitu kinatoka kwa nani kinakwenda kwa nani. Kwa hiyo wanangu nawaambia wasitafsiri borrow kama azima, waisome kama kopa, na lend kama kopesha, hata kama ni kalamu. Kopa na kopesha hakuna mtu anazichanganya, mtoto wa darasa la pili dukani anajua nani anamdai nani. Na lend ikipita inakuwa lent, hakuna lended, nimechoka kuizungushia wino mwekundu.

Kipanga wa Kitui
Mwalimu ungenifundisha wewe ningekuwa mbali.

Mama Nasra
Ahsante mwalimu, umechelewa kwa laki na nusu.

Kibonge Mwepesi
Mtoa mada, ule mwamvuli wa mzee ulirudi au ndo nguo ya kuazima?

Mtoto wa Karatu
Nilimrudishia jioni ile ile aliporudi, mkavu kabisa, sikuwa nimeufungua. Akauangalia, akaniangalia, akaangalia mvua nje. Akasema "thank you" akaenda kubadilisha nguo.