Mwigizaji analia kweli lakini sini inakufa: nimwongozeje?

Mwongozaji_Tanga: Wakuu, naombeni ushauri. Tuna mchezo wa jukwaani, ndugu wanagombea nyumba ya marehemu baba yao. Binti anayecheza dada mkubwa kafiwa na baba mwaka jana. Tuliposoma mezani alikuwa moto. Sasa tunafanya mazoezi ya kusimama, akifika pale anapomkabidhi mdogo wake funguo analia mpaka maneno hayasikiki. Kesho yake hatoki hata chozi, anaanza kujilaumu. Zimebaki wiki 3. Nimwachie alie?

Pazia: Usimwachie. Kidonda bado kibichi. Hata Lee Strasberg, mwalimu wa uigizaji wa Actors Studio pale New York, aliyeishikia bango kumbukumbu ya hisia (mwigizaji kutumia tukio la maisha yake kuamsha hisia) kuliko wengine, alitaka tukio liwe limepita miaka 7 hivi ndipo litumike. Likiwa jipya, lenyewe ndilo linalomwendesha mwigizaji. Na kama kuna mtu anamnong'oneza "mfikirie mzee wako" kabla ya kuingia, aache leo.

Mama Jukwaa: Kumzuia tu hakutoshi, mpe cha kufanya. Kaeni na skripti, kando ya kila kauli yake muandike kitenzi kimoja kwa penseli: anambembeleza mdogo wake, anamwaibisha, anamtishia. "Anahuzunika" futa, hilo halichezeki. Kwa nini anatoa funguo? Labda ili mdogo mtu aone haya, azikatae. Mtu anayetaka kitu hupambana na machozi yake, na mtazamaji huumizwa na yale mapambano.

Mikono nayo ipate kazi. Tia funguo 6 kwenye pete ngumu, achomoe ule wa mlango wa mbele huku anaongea. Sauti inakatika kwa sababu koo limekaza na pumzi imepanda kifuani. Kabla ya kauli ile atoe hewa yote, angoje tumbo livute lenyewe, ndipo aseme.

Mwongozaji_Tanga: Shikamoo Mama. Lakini si huo msiba ndio uliomfanya awe moto pale mezani?

Mama Jukwaa: Marahaba. Ndio, na ndio unaompotosha. Baba wa kwenye skripti alikuwa mtu wa namna gani?

Mwongozaji_Tanga: Mkali. Alimtoa huyo dada shule.

Mama Jukwaa: Basi binti anamlilia baba mwingine kabisa! Dada huyu ana hasira na deni la miaka, pengine na nafuu kidogo anayoionea aibu. Mpe karatasi, achore safu mbili: skripti inasema nini juu ya baba, na yeye kaongeza nini. Vya safu ya pili vinavyogongana na ya kwanza avikate. Vidogo vibaki, kama vile mtu anavyolishika koti la marehemu. Stella Adler, mwigizaji na mwalimu wa uigizaji Mmarekani, alifanya kazi na Stanislavski, yule mwongozaji gwiji wa Urusi, Paris mwaka 1934, akarudi Marekani na msimamo huohuo: mazingira ya mchezo na ubunifu kwanza.

Pazia: Nyongeza. Sini hiyo msiirudie zaidi ya mara mbili kwa siku. Mkitaka kupanga mikao tu, aseme maneno bila hisia. Mkimaliza avue kanga ya mchezo, anawe uso, muitane majina yenu halisi. Na umuulize faraghani kama anataka kuendelea na nafasi hiyo. Akisita, mbadilishane sasa, si wiki ya onyesho.

Mwongozaji_Tanga: Nimewapata. Tena tulikuwa tunatumia ufunguo mmoja tu, wa kufuli. Kesho nabeba za stoo zote.