Tupeane uzoefu: Kuishi na watu ukiwa si mtu wa kujichanganya

Kaskazi (mwanzisha uzi): Wakuu, uzi huu ni wa wale ambao kampani haiwavuti kabisa. Mtaani huitwa wenye maringo, wakati mwingine hata wachawi. Leteni mbinu zinazofanya kazi, hasa kwenye misiba, harusi na magrupu.

Bibi Afya: Kwanza mjue mnashughulika na nini. Asiyejali kampani huwa na amani akiwa peke yake, na vitu vyake anavifurahia: redio, bustani, mpira. Mwenye woga anatamani kwenda ila moyo unamwenda mbio, anaahirisha dakika ya mwisho. Huyu husaidiwa kwa kujizoesha kidogo kidogo, na abaki mahali pale mpaka woga ushuke. Akiondoka woga ukiwa bado juu, mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa, na safari ijayo inakuwa ngumu zaidi.

Wa tatu alikuwa mchangamfu akabadilika. Akipoteza hamu hata ya vitu alivyovipenda, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, na usingizi na chakula vikavurugika, hiyo inaweza kuwa sonona (depression). Aende kituo cha afya, msimwambie tu ajichanganye. Akizungumzia kufa, apelekwe siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake.

Tandika: Msiba ndio mtihani mkubwa, maana hapo ndipo watu huhesabiana. Fika mapema kabla umati haujajaa, wape pole wafiwa, andikisha rambirambi kwenye daftari kwa jina unalojulikana nalo mtaani. Kisha omba kazi: kupanga viti, kuchota maji, kusaidia wanaopika. Mwenye kazi haulizwi mbona kanyamaza. Mazishini usikose. Wengi hukosea kwa kutuma pesa kwa simu tu kila mara. Mweka hazina ataiona, lakini mfiwa hakukuona, na msiba ukifika kwako utakuja kushangaa uchache wa watu.

Mama Nuru: Nyongeza ya harusi. Lipa mchango wote mara moja, mapema, kwa sababu kila salio huzaa simu za kukumbushwa. Ukiingizwa kwenye kamati, chagua yenye kazi inayoisha, kama usafiri. Siku yenyewe mwambie mwenyeji unapofika kwamba utaondoka saa tatu usiku. Ukisubiri kuaga wakati chakula hakijatoka, itaonekana umesusa.

Kaskazi: Asante dada. Na magrupu ya WhatsApp?

Tandika: Zima mlio, usijitoe, maana kujitoa grupu la ukoo husomwa kama ugomvi. Pitia ujumbe mara moja kwa siku, saa ile ile. Muombe ndugu mmoja akupigie moja kwa moja kukiwa na msiba au mgonjwa.

Bibi Afya: Mkiwa na mwenza mchangamfu, kaeni mwanzoni mwa mwezi mchague shughuli za kwenda wote na zile atakazokwenda peke yake na salamu zako. Kuamua mlangoni, mmoja keshavaa, ndiko kunakoleta ugomvi.

Anayeishi peke yake awe na jirani mmoja mwenye ufunguo wa akiba na namba ya ndugu yake, na amwambie kama ana kisukari, presha au pumu, na dawa zinakaa wapi. Akisafiri amuage, ili mlango uliofungwa siku mbili bila taarifa umfanye jirani aje kugonga.